Chombo Kina Fungu Lake

Kila nishukapo Mombasa kwa Idi, jamaa zangu huniuliza swali lile lile: "Hebu tueleze, wewe huko Ukambani wafanya kazi gani?" Mama, Mungu amweke, amekwisha kata shauri kwamba mimi ni mtengenezaji wa kompyuta mbovu, na mara mbili ameniletea redio ya jirani niitazame. Simlaumu. Kazi yangu haishikiki kwa mkono. Fundi wa jahazi akimaliza kazi yake watu huiona ikielea. Seremala hukuachia mlango. Mimi hufanya kazi ya miezi miwili na mwisho wake sina cha kumwonyesha mtu ila maandishi katika kioo. Naandika programu, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata neno kwa neno ili ihesabu, ikumbuke na itoe majibu.

Leo napenda kumsimulia msomaji jinsi nilivyoianza kazi hiyo peke yangu, na jinsi nilivyofika kuwa na karakana ya watu saba. Sisimulii kwa kujisifu. Nasimulia kwa sababu vijana wengi wa Pwani siku hizi wameujua ufundi huu, na kila mmoja akaaye chumbani mwake na kompyuta yake moja hudhani kwamba kukua ni kupata kazi nyingi zaidi. Nami nilidhani hivyo. Dhana hiyo niliilipia, na la kusikitisha ni kwamba wengine wasiokuwa na kosa waliilipia pamoja nami.

KARO KWA SIMU

Ndithini iko katika jimbo la Masinga, kaunti ya Machakos. Ni nchi ya jua kali, ya mbaazi, pojo na maembe, ambako watu hulitazama wingu kama sisi tunavyomtazama mgeni aliyechelewa. Nilikwenda huko mwaka 2015 kufundisha hesabu katika shule moja ya sekondari, nimeajiriwa na bodi ya shule kwa mshahara mdogo. Mimi ni mtoto wa Majengo, Mombasa, na huko sikumjua mtu. Waliniita "Mwalimu", na jina hilo ninalo hadi leo ingawa chaki nimeiweka chini zamani.

Wakati huo wazazi walikuwa wamekwisha zoea kulipa karo kwa M-Pesa, huduma ambayo Safaricom iliianzisha mwaka 2007. Mzazi aliweza kutuma fedha akiwa shambani, jembe begani. Taabu ilikuwa upande wa pili. Karani wa karo aliletewa orodha ya malipo, akayanakili moja moja katika daftari kubwa. Mzazi akikosea nambari ya mwanafunzi, au akiandika jina la mtoto mahali pa nambari, fedha ziliingia katika akaunti ya shule lakini zikawa hazina mwenyewe.

Mwaka 2017 Safaricom ikafungua njia mpya kwa waandishi wa programu, nayo ikaipa jina zuri la Kiswahili: Daraja. Kwa njia hiyo programu ya mtu aliyekubaliwa ingeweza kupokea habari za malipo papo hapo, bila ya karani kunakili kitu. Nikakesha usiku kadhaa nikaandika programu ndogo. Malipo yakiingia, ilimtafuta mwanafunzi, ikaandika katika hesabu yake, ikampelekea mzazi ujumbe wa shukrani. Penye nambari mbovu, iliyaweka malipo kando ili karani ayatazame kwa macho yake. Shule ikanilipa shilingi 15,000, nami nikajiona tajiri.

Shule ya pili ikasikia, kisha ya tatu. Mwisho wa mwaka 2018 nilikuwa na shule tisa na chama kimoja cha akiba na mikopo, na nikaacha kufundisha.

Watu hushangaa kwamba kazi kama hiyo yaweza kufanyiwa Ndithini. Husahau kwamba nyaya za chini ya bahari zilizoiletea Kenya intaneti ya kasi zilitua kwetu Mombasa: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Basi mlango uko kwetu Pwani, lakini mwenye mlango si lazima awe ndiye apitaye.

Siku zile za upweke zilikuwa tamu, sitaficha. Sikuwa na bwana wala mtumwa. Kila kitu kilikuwa kichwani mwangu: nambari za siri, ahadi nilizowapa wateja, siku za kulipa, na sababu ya kila mstari nilioandika. Fedha za kazi na fedha za tumbo zilikaa katika simu moja. Nikinunua unga, zilipungua. Mteja akilipa, ziliongezeka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini mimi nilijiambia kwamba kichwa changu ndicho daftari.

Mwezi wa Januari mwaka 2019, shule zikiwa zimefungua muhula, nikashikwa na malaria. Nililala siku tisa, na nyingine kati ya hizo hata sizikumbuki. Programu zangu zilikaa katika kompyuta ya kukodi iliyokuwa ng'ambo, nayo ilikuwa hulipiwa kila mwezi. Siku ya kulipia ikafika na kupita nami nikiwa kitandani. Ikafungwa. Shule tisa zikabaki gizani, na hapakuwa na mtu mwingine chini ya jua aliyejua nambari ya siri.

Siku ya kwanza niliyotoka nje nikamkuta mama mmoja ameketi kwenye jiwe mbele ya mlango, na binti yake kando, sanduku la bati na godoro lililokunjwa miguuni pao. Akanionyesha simu yake. Ujumbe wa M-Pesa ulikuwemo, siku na saa, na kiasi kamili.

"Mwalimu," akasema, "mimi nililipa. Wameniambia kompyuta haina jina la mtoto. Siku sita yuko nyumbani. Hiyo kompyuta ni yako?"

Nikamjibu, "Ni yangu, mwaitu."

Mwaitu kwa Kikamba ni mama yangu, na ndivyo anavyoitwa mwanamke wa umri wake. Hakunitukana. Laiti angalinitukana. Alitaka tu kujua ni lini mtoto atarudi darasani. Jioni ile nililipia kompyuta, jina likatokea, na asubuhi binti akarudi shule. Lakini siku sita za masomo sina duka la kuzinunua.

MCHONGAJI WA WAMUNYU

Katika siku za kupata nafuu nilifikiri sana juu ya kazi ya mtu mmoja, na Ukambani ni mahali pazuri pa kufikiria jambo hilo. Watu hawa wameijua safari ya kutoka mmoja hadi wengi tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara yao ndiyo iliyoshuka pwani na pembe za ndovu. Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Kitui, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa Krapf, yule mmisionari aliyekaa Rabai, safarini mwaka 1849, wakati Krapf alipouona Mlima Kenya. Kivoi hakufika Mombasa kwa kubeba pembe yeye mwenyewe. Alifika kwa kuongoza watu, na kuongoza watu ni ufundi mwingine kabisa.

Tena kuna habari za Mutisya wa Munge wa Wamunyu, papa hapa Machakos. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alipelekwa Tanganyika, huko akaona kazi ya wachongaji, na aliporudi akaanza kuchonga sanamu za kuuza. Mwanzo wake ni mtu mmoja na tezo yake. Baada yake wakachonga majirani, kisha kijiji, kisha vijiji. Ufundi huo ukashuka hadi Mombasa, na mwaka 1963 wachongaji wakaunda chama cha ushirika cha Akamba Handicraft pale Changamwe, na wanachama wake wakaja kuhesabiwa kwa maelfu.

Mtu wa Mombasa hahitaji kuonyeshwa Changamwe. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa huko na baba, nikasimama kwenye vumbi la mbao nikitazama twiga wakizaliwa kutoka katika magogo. Nilichokumbuka mwaka 2019 ni kitu kidogo ambacho utotoni sikukijali: kila sanamu ilikuwa na nambari. Nambari ile ni ya mchongaji. Sanamu ikiuzwa yeye asipokuwepo, hata akiwa amelala mgonjwa kwao Wamunyu, daftari la chama lajua fedha ni za nani. Wachongaji walibaki mafundi, kila mtu na mkono wake. Walichokitoa vichwani mwao na kukitia katika kitabu ni hesabu. Nikaona kwamba wazee wasiojua kompyuta walikuwa wamenitangulia miaka zaidi ya hamsini.

ZAMU YETU NI LINI?

Basi nikaamua kutafuta wenzangu. Hapo nikafanya kosa la pili, tena hili ni la aibu kuliko la kwanza.

Wakamba wana desturi ya mwethya. Majirani hukusanyika wakalima shamba la mmoja wao au wakajenga matuta ya kuzuia udongo, kisha siku nyingine wakaenda kwa mwingine. Nikawaita vijana wawili niliowahi kuwafundisha, msichana na mvulana, nikawaambia, "Njooni tusaidiane kama mwethya. Mtajifunza kazi." Nikawapa nauli na chakula cha mchana. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Mimi nikipokea ankara za shule, wao wakipokea nauli.

Siku moja mama ya yule msichana akaja afisini. Akakaa, akanywa chai, akauliza habari za nyumbani Mombasa. Kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, mwethya ni zamu. Leo kwangu, kesho kwako. Sasa niambie, zamu yetu ni lini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi niliyelelewa nikifundishwa chuoni kwamba mfanyakazi apewe ujira wake jasho lake halijakauka, nilikuwa nimejificha nyuma ya desturi njema ya watu ili nisilipe. Kijana wa kiume alikuwa amekwisha ondoka wiki iliyopita bila ya kuaga, na nilikuwa nimemwita mvivu. Mwezi ule ule nikamwandikia binti barua ya kazi, na mshahara nikauandika kwa tarakimu na kwa maneno. Kisha nikamfuata yule kijana hadi kwao, nikamwomba radhi. Hakurudi kazini, lakini malimbikizo yake niliyalipa.

Walipokuwa watatu wenye mishahara, kazi haikwenda mbio mara tatu, bali ilikwenda polepole kuliko nilipokuwa peke yangu! Nilishangaa, mpaka nikajua kwamba jambo hilo lina umri kunishinda. Mmarekani mmoja, Fred Brooks, aliyesimamia uandishi wa programu kubwa katika kampuni ya IBM, aliandika kitabu mwaka 1975 akaonya kwamba ukiongeza watu katika kazi iliyochelewa utazidi kuichelewesha. Sababu yake ni hesabu ya darasa la nne. Watu wawili wana njia moja ya mazungumzo kati yao. Watatu wana njia tatu. Wanne wana sita. Saba wana ishirini na moja. Kila njia yataka kusafishwa, la sivyo huota magugu: huyu adhani yule amempigia mteja simu, yule adhani ni huyu.

Dawa ilikuwa ile ile ya Changamwe. Tukanunua daftari, kweli daftari la karatasi, kabla ya kulihamishia katika kompyuta. Tukaandika jinsi shule mpya inavyoanzishwa, hatua kwa hatua. Tukaandika ni nani ajibuye simu siku gani, nambari za siri zimewekwa wapi na ni watu gani wawili wanaozijua, na vitu gani hulipiwa tarehe ngapi. Programu zenyewe tukazitia katika Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ambacho huhifadhi kila badiliko: nani aliandika, lini, na kwa sababu gani. Kila mstari ukapata nambari ya mchongaji wake. Wiki ya pili yule binti akanionyesha kosa katika mstari ambao chombo kilishuhudia kwamba ni wangu. Nikalitengeneza kimya kimya. Akacheka.

MACHI 2020

Nilidhani nimekwisha hitimu. Lakini kitabu cha kazi ni kimoja na kitabu cha fedha ni kingine, na cha pili nilikuwa sijakifungua.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 tulipata kazi kubwa kuliko zote, ya shilingi 380,000, katika taasisi moja ambayo sitaitaja. Mkuu wake alikuwa mtu wa heshima, alinishika mkono na kuniambia, "Wewe anza, mambo ya karatasi tutayamaliza baadaye." Nami kwa haya zetu za Kipwani niliona ni utovu wa adabu kumdai mtu mzima sahihi. Sikuomba hata arubuni. Watu watatu walifanya kazi hiyo miezi miwili.

Katikati ya mwezi wa Machi, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, serikali ikafunga shule zote nchini. Msomaji atakumbuka. Madarasa matatu tu yalirudi Oktoba mwaka ule, na wengine wote wakakaa hadi Januari 2021. Shule ikifungwa hakuna karo, na pasipo na karo programu ya karo ni mapambo. Wateja wangu kumi na wanne walikuwa shule, wote, isipokuwa kile chama kimoja. Na pale nilipokuwa na deni la 380,000, mkuu alikuwa amehamishwa. Aliyemfuata alinisikiliza, akafungua faili, akaniambia, "Sioni karatasi." Wala hakusema uongo. Karatasi haikuwepo.

Ikafika tarehe 28. Mishahara ya watu watatu ilikuwa shilingi 90,000. Katika simu, ambamo fedha za kazi na za tumbo zilikuwa zingali zinalala kitanda kimoja, mlikuwa na 41,300. Benki moja ikanipa karatasi za mkopo, na riba yake imeandikwa wazi. Nilizitazama karatasi zile usiku kucha, na alfajiri nikampigia simu ami yangu Mombasa.

FUNGU LA CHOMBO

Ami ni mzee aliyefanya kazi ya jahazi ujanani mwake, akibeba boriti kutoka Lamu. Hajui kompyuta, na simu huishika kama mtu aliyeshika yai. Nilidhani atanihurumia. Aliniuliza swali moja tu: "Chombo chako hupewa fungu gani?"

Sikufahamu. Akanieleza. Katika jahazi, safari ikimalizika, kwanza hutolewa gharama za safari, chakula na mengineyo. Kisha chombo chenyewe hupata fungu lake kabla nahodha na mabaharia hawajagusa kitu. Fungu lile lina matanga yake, kamba zake, misumari yake, na shahamu ya kukipaka. "Nahodha alaye fungu la chombo," akasema ami, "hula vizuri msimu mmoja. Msimu wa pili yuko majini."

Basi tukahesabu kwa simu, yeye kwa vidole, mimi kwa kalamu. Mishahara 90,000. Chumba, umeme, intaneti na kompyuta za kukodi, 35,000. Jumla 125,000 kwa mwezi, mimi sijala. Watu watatu kwa siku 22 za kazi ni siku 66, lakini si zote zinazolipwa na mteja. Kuna kutengeneza yaliyoharibika, kujibu simu, kujifunza na kufukuzia madeni. Zenye kulipwa hazizidi 40. Gawanya: siku moja ya mtu mmoja yagharimu shilingi 3,125, bila faida, bila fungu la chombo. Nami nilikuwa nikiuza kazi ya siku kumi kwa shilingi 20,000, bei ile ile niliyokuwa nikitoza nilipokuwa peke yangu na nikijiona hodari! Kila mteja mpya alikuwa akinizamisha zaidi. Ndiyo sababu nasema kukua si kupata kazi nyingi. Mwenye kuuza kwa hasara akipata wateja wengi hupata hasara nyingi.

Ami alinipa shilingi 400,000, akiba yake. Hakunikopesha. Aliingia nami katika mudharaba, yaani yeye atoe mali na mimi nitoe kazi. Faida ikipatikana, mafungu matatu, moja lake na mawili ya karakana, kwa miaka mitatu. Hasara ikitokea bila ya uzembe wangu, yeye amepoteza mali na mimi nimepoteza jasho. Nikafurahi nikamwambia, "Ahsante ami, tumekubaliana." Akanikata: "Hatujakubaliana. Andika." Akanikumbusha kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya deni katika Suratul Baqara, yaamrisha kuandikiana na kuweka mashahidi, wala haikusema isipokuwa kwa jamaa. "Haya unayoiona ni adabu," akasema, "ni uvivu uliovaa kanzu." Tukaandika kwa wakili wa Mombasa, mashahidi wawili wakatia sahihi.

Kwa fedha zile mishahara ya miezi mitatu ililipwa yote. Shule zikiwa zimelala tukatafuta kazi kwingine: programu ya kuhesabu bidhaa kwa maduka ya vifaa vya ujenzi na ya dawa za mifugo, na nyingine kwa zahanati. Januari 2021 watoto waliporudi shule, hatukuwa tena watumwa wa karo peke yake. Ami alipata fungu lake kuanzia mwaka wa pili. Zile 380,000 sikuzipata hadi leo.

Sasa tuko saba, na tuna vyumba viwili vyenye madirisha. Hatugusi kazi bila mkataba wenye sahihi na nusu ya malipo kwanza, na mteja mkubwa ndiye tunayemwomba karatasi mapema zaidi. Karakana imesajiliwa, ina akaunti yake, na mimi hulipwa mshahara kama wenzangu. Makato ya sheria tunayapeleka kila mwezi. Fungu la chombo hutolewa kwanza, mpaka itimie akiba ya mishahara ya miezi mitatu, na haliguswi hata Idi ikiwa kesho. Na kwa kuwa tunahifadhi majina ya watoto wa watu, tunafuata Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019: asiyehusika na jina la mtoto hana ruhusa ya kuliona, hata akiwa mimi.

Je, nimepoteza kitu? Nimepoteza. Mimi ni fundi niliyeiacha tezo. Siku nyingi sasa sikuandika hata mstari mmoja. Asubuhi yangu ni mikataba, mchana ni simu za wateja, na jioni ni kusikiliza kwa nini fulani na fulani hawasemezani. Yule binti wa mwethya ndiye msimamizi wa programu zote, na zipo nyingine alizoziandika ambazo sizifahamu vizuri. Mwenye kupenda ufundi kuliko kitu kingine namshauri akae peke yake, wala si aibu, lakini aandike nambari zake za siri mahali na ampe mtu mwaminifu. Mwenye kutaka wenzake na aanze na vitu vitatu kabla hajawaita: daftari, mkataba, na fungu la chombo. Bila hivyo atakuwa amekusanya watu ndani ya tumbo lake.

Mwaka huu malaria ilinirudia. Nililala siku tano, simu kando ya mto. Siku ya kwanza niliitazama kila saa. Siku ya pili nilimpigia msimamizi, akaniambia mambo ni salama, nilale. Siku ya tano niliinuka nikaoga, nikaenda afisini kwa miguu, polepole. Shule zilikuwa zimefungua muhula wiki ile ile, malipo yaliingia kwa mamia, na hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kosa letu. Wote walikuwa wameinamia kazi. Mmoja akanyanyua uso akaniamkia, akarudi kwenye kioo chake.

Nikasimama mlangoni nikamshukuru Mungu. Nami sitamficha msomaji: nilifurahi sana, na moyo uliniuma kidogo.